Mtu Mmoja, Siyo Ofisi

Ilikuwepo, na kwa habari tulizonazo ingali ipo, nchi moja tulivu ambayo ndani yake hakuna mtu aliyewahi kufanya jambo lolote. Mambo yalifanyika, tena mengi. Barabara zilichimbwa, visima vilizinduliwa, nyaraka zilitolewa. Lakini mtendaji hakuonekana. Kila karatasi ya serikali iliishia kwa herufi tatu, kny, ambazo maana yake ni "kwa niaba ya". Karani alisaini kny Mkurugenzi. Mkurugenzi alisaini kny Katibu Mkuu, Katibu Mkuu kny Waziri, Waziri kny Mtukufu Kiongozi. Na Mtukufu Kiongozi, kwa kuwa juu yake hakukuwa na mtu, alisaini kny Wananchi Wote.

Ulikuwa utaratibu mzuri na ulileta amani. Mwaka ule daraja la Kidundu lilipoanguka siku tatu baada ya kuzinduliwa, tume ya uchunguzi ilifuata saini moja baada ya nyingine, ikapanda ngazi kwa uangalifu mpaka juu kabisa, ikagundua kwamba waliolijenga vibaya ni wananchi. Wananchi wakakemewa redioni kwa dakika arobaini. Mwishoni Mtukufu Kiongozi, ambaye moyo wake ni laini, akawasamehe, na watu wakashukuru sana.

Katika nchi hiyo, kwenye mji unaoitwa Mtepeto, aliishi fundi cherehani mmoja, Mama Skolastika Lyakurwa. Aliongoza ushirika wa wanawake sita walioshona wanasesere wa kitenge, wenye tumbo la sufi, nywele za nyuzi na macho ya vifungo. Walishonea ndani ya chumba kimoja nyuma ya ofisi ya kata.

Skolastika alijifunza kusoma akiwa na miaka arobaini na saba, katika darasa la jioni lililofanyika pembeni ya kanisa. Kwa sababu kila neno lilimtoa jasho, hakuwa na desturi ya kuruka neno lolote. Alisoma kopo la hamira mpaka anwani ya kiwanda. Hata sala alizozijua kwa moyo alizisomea kitabuni, ahakikishe hakuna aliyezibadilisha.

Mwezi mmoja ushirika ulijikuta mashakani. Ofisi ya kata ilikuwa imewaletea barua kwamba chumba kinahitajika kwa kuhifadhia matao na mazulia mekundu ya kupokelea wageni rasmi, isipokuwa kama ushirika utaonyesha, kabla ya mwezi kwisha, "shughuli yenye manufaa kwa taifa". Wanawake sita, cherehani nne, na hakuna hata mmoja kati yao mwenye nyumba ambayo cherehani ingeingia bila kitanda kutoka.

Ndipo ikaja barua kutoka nchi ya baridi, ng'ambo. Duka moja la vitu vya watoto lilitaka wanasesere mia tatu. Sanduku lipakiwe melini tarehe ishirini na nane. Pamoja na barua zilikuja kurasa kumi na nne za masharti ya usalama, zimekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili.

"Kurasa kumi na nne za mwanasesere!" alisema Mwanamkasi, ambaye kazi yake ilikuwa nywele, na ambaye mdomo wake haukuwa na likizo. "Mimi mume nilipewa bila hata nusu ukurasa."

"Ungesomewa masharti yake ungemrudisha siku hiyo hiyo," alijibu Skolastika, akavaa miwani.

Alisoma siku mbili. Rangi isitoke mtoto akinyonya kitambaa. Sufi iwe safi, isiwe na mbegu wala kipande cha sindano. Jicho livumilie uzito wa kilo tisa kwa sekunde kumi bila kung'oka, kwa maana mtoto hula chochote anachoweza kukinyofoa. Kila mwanasesere afungwe kikaratasi chenye jina la aliyempima. Na mwisho kabisa wa ukurasa wa kumi na nne, chini ya mstari mtupu: *Jina na anwani ya mtu mmoja, siyo ofisi, atakayejibu endapo mtoto ataumia.*

Skolastika alirudia mstari huo mara tatu. Akawaza kitoto asichokijua, mbali huko kwenye theluji, kimekaa na kifungo kooni. Akashika meza. "Ee Bwana," alisema kimoyomoyo, "asiumie mtoto wa mtu kwa mkono wangu." Kisha akauliza kwa sauti, "Kilo tisa ni kiasi gani?"

"Ndoo ya lita kumi, haijajaa vizuri," alisema Mwanamkasi. Maana kilo ya dukani inaweza kukudanganya, lakini mwanamke aliyebeba maji tangu utotoni anajua ndoo ina uzito gani.

Wakamfunga mwanasesere wa kwanza kwenye kizingiti cha juu cha mlango, wakamfunga kamba ya katani nyuma ya jicho, wakatundika ndoo. Wakaanza kuhesabu. Hawakufika tatu. Jicho liliruka, ndoo ikaanguka, na Mwanamkasi akaloa mpaka magotini.

"Mtoto huyu keshakojoa," alisema.

Hawakukata tamaa. Walitafuta uzi wa mafundi viatu, ule uliopakwa nta, wakaweka kifungo cha pili kwa ndani ya kichwa ili cha nje kipate cha kujishikiza. Wakatundika tena. Moja, mbili, tatu, mpaka kumi. Wakahesabu mpaka ishirini kwa raha tu. Jicho lilikaa pale pale likiwatazama kwa dharau.

Tangu siku ile kila mwanasesere alibeba ndoo kabla ya kupewa kikaratasi chake. Rangi nayo waliipima. Kila mmoja alinyonya mkono na mguu wa kitenge mpaka ulimi ukachoka. Watu waliopita nje waliwaona wanawake wazima sita wamekaa kwenye mkeka wananyonya vitambaa, wakaharakisha mwendo.

*

Lakini katika nchi hiyo kitu hakikuruhusiwa kuondoka bila Cheti cha Usalama kutoka Idara ya Vitu Viendavyo Nje. Skolastika alivaa gauni la Jumapili, akapanda basi la alfajiri mpaka makao makuu, na saa nne asubuhi akawa amekaa mbele ya Mkurugenzi.

Mkurugenzi aliitwa Bwana Ladislaus Kipengele. Alikuwa ametumikia serikali miaka thelathini na moja bila kusifiwa, bila kulaumiwa, na bila jina lake kuandikwa mahali popote isipokuwa mlangoni, na hapo pia alikuwa ametundika kalenda juu yake.

"Bidhaa yenyewe ni hatari kiasi gani?" aliuliza Bwana Kipengele, akimpindua mwanasesere kwa kalamu.

"Haina hatari, mzee. Tumempima."

"Ah." Alisikitika kwa dhati. "Basi mama, cheti huwezi kupata. Cheti cha usalama hutolewa kwa kitu cha hatari ambacho kimethibitishwa kuwa salama. Kitu ambacho ni salama tangu mwanzo tutakithibitisha kutoka wapi?"

Skolastika alifikiri. Hakupenda kusema uongo, hasa akiwa amevaa gauni lile. "Mwanzoni jicho lilikuwa linatoka," alisema.

"Hapo sasa!" Uso wa Mkurugenzi ulichangamka. Akatoa fomu. "Jicho litavutwa kitaalamu."

"Mna mashine?"

"Tunayo, tena nzuri, mwaka wa sita huu. Imo ndani ya boksi lake. Hatuwezi kuiwasha kwa sababu mashine yenyewe haijapata cheti cha usalama, na ya kuipimia ndiyo hiyo hiyo." Alitikisa kichwa kama mtu anayesimulia msiba wa jirani. "Lakini usijali. Tutaunda kamati."

Ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kuvuta Jicho, wajumbe kumi na mmoja. Kikao cha kwanza kilijadili chai. Kikao cha pili kilijadili jicho la kushoto au la kulia, na kwa kuwa wajumbe waligawanyika sawa, yule wa kumi na moja, aliyekuwa amesinzia, aliamshwa apige kura. Kikao cha tatu kiliamua kwamba jambo zito namna hii haliwezi kufanyika bila mgeni rasmi.

Hivyo tarehe ishirini na tatu, jicho la mwanasesere wa Mtepeto likavutwa na Mheshimiwa Waziri mwenyewe, Profesa Anatoli Mbwambaja, katika Ukumbi wa Umoja, mbele ya kwaya ya wizara na bendi ya magereza.

Skolastika aliketishwa mstari wa tano. Mbele, juu ya mto wa hariri, mwanasesere alikuwa amefunikwa kitambaa cha satini. Kabla shughuli haijaanza, Ofisa Itifaki alimjia mbio, kola imelowa jasho.

"Mama, wewe ndiye fundi? Jicho hili linatoka kwa urahisi?"

"Halitoki kabisa, mwanangu. Limebeba ndoo."

"Halitoki?" Yule kijana mkubwa aliyejaa suti alishika kifua. "Unajua Mheshimiwa hajawahi kuvuta kitu mbele za watu kikagoma? Mwaka jana pazia la zahanati lilinasa kidogo tu, sekunde mbili. Aliyelifunga yuko jangwani hivi sasa, anapima mvua."

Akaondoka haraka. Baadaye Skolastika alimwona ameinama karibu na ule mto, na wembe mkononi. Akadhani anakata nyuzi zilizochomoza, akamsifu moyoni kwa unadhifu.

Bendi ikapiga. Mheshimiwa Waziri akavaa glavu nyeupe, akafunua satini, akashika jicho kwa vidole viwili, akavuta. Likatoka kama jani bichi la mchicha. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Mheshimiwa akaliinua juu, akazunguka nalo kila upande ili wapiga picha wapate.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Walikuwepo watu waliosema jicho hili halitatoka. Wako wapi leo?"

Watu wakacheka, wakageuka nyuma kuwatafuta.

"Serikali yenu ni sikivu. Pale isiposikia, inaona. Na pale isipoona, inavuta! Nchi ngapi, nauliza, nchi ngapi hapa duniani Waziri anaweza kushuka mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, akang'oa jicho la mwanasesere kwa ajili ya usalama wa watoto?"

Hakuna aliyejua nchi nyingine. Kwaya ikaimba. Skolastika alikaa amefunika mdomo kwa mkono, na jirani yake akampa kitambaa, akidhani analia kwa furaha.

*

Kesho yake cheti kilikuwa tayari. Kilisema: *Zoezi la kuvuta limefanikiwa kwa asilimia mia moja. Bidhaa ni salama.* Kilikuwa kimebandikwa picha kubwa ya Mheshimiwa na jicho.

"Lakini mzee," alisema Skolastika, "jicho limetoka."

"Limetoka vizuri sana," alikubali Bwana Kipengele.

"Halikutakiwa kutoka. Likitoka ndiyo tumeshindwa. Na lilikatwa uzi, niliona wembe."

Bwana Kipengele alivua miwani, akaifuta, akainama mbele. "Mama, sema polepole nikuelewe. Unataka niandike kwamba Mheshimiwa alivuta, na tukashindwa?"

Skolastika alihesabu alichonacho. Alikuwa na mia tatu waliobeba ndoo, na karatasi moja inayowasifu kwa kosa ambalo hawakulifanya. Akatoa ukurasa wa kumi na nne, akauweka mezani.

"Basi nisaidie na huu, mzee. Wanataka jina la mtu mmoja atakayejibu mtoto akiumia. Wewe ndiye uliyesema ni salama. Nikasema moyoni, jina kubwa kama hilo litakuwa la serikali."

Mkurugenzi alishika kalamu kwa mazoea, akaandika k, akaandika n.

"Wanasema siyo ofisi," alisema Skolastika kwa upole. "Mtu."

Kalamu ikasimama. Bwana Kipengele aliusoma ule mstari. Akausoma tena, midomo ikicheza. Rangi ikamtoka usoni kama kitenge cha bei rahisi.

"Mama Lyakurwa," alisema kwa kunong'ona, "nimekukosea nini? Mimi nina watoto."

"Ni jina tu, mzee."

"Jina tu!" Alisimama, akafunga mlango, akashusha pazia. "Unajua mama, mimi hata nyumbani barua ya shule ya mwanangu nasaini kny mama yake?"

Habari za ukurasa wa kumi na nne zilitembea katika jengo lile upesi kuliko moto. Kabla ya saa sita wakuu wa idara saba walikuwa wameugua na wanne wamekwenda semina. Katibu Mkuu alionekana akishuka ngazi za nyuma akiwa amebeba viatu mkononi. Ofisi zikabaki wazi, feni zinazunguka, chai inapoa.

Suala likapanda mpaka Baraza la Mawaziri, ambalo lilikaa siku mbili. Mmoja alipendekeza jina la marehemu fulani, mtu aliyekuwa mwadilifu sana, lakini mjane wake akakataa. Mwingine akapendekeza mfungwa wa kifungo cha maisha, kwa hoja kwamba yuko ndani tayari na hilo litaokoa muda. Mfungwa alipopelekewa karatasi aliomba wakili. Waziri Mbwambaja akashauri liandikwe jina la Shujaa Asiyejulikana, mwenye sanamu pale uwanjani. Shauri hilo lilipokelewa kwa makofi, mpaka mtu akauliza jina lake nani.

*

Tarehe ishirini na saba mchana Skolastika alikuwa bado kwenye benchi la ukumbi wa Idara, peke yake na karatasi yake. Meli kesho. Nyumbani wenzake walikuwa wamepanga wanasesere mia tatu ndani ya sanduku, kila mmoja na kikaratasi chake, na ofisi ya kata ilikuwa imeshaleta zulia la kwanza, limesimamishwa mlangoni likingoja chumba.

Mwanamkasi alimpigia simu. "Umepata jina?"

"Sijapata."

"Serikali nzima haina jina? Na lile la kutozea kodi walilitoa wapi?"

"Mwanamkasi, niache niombe kidogo."

"Omba, shoga. Lakini macho fumbua, wasije wakabeba na benchi."

Akaomba. Hakuomba meli isubiri, wala hakumwombea mabaya Ofisa Itifaki. Aliomba aoneshwe. Kisha, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kusoma, akausoma ukurasa wa kumi na nne tangu juu. Akafika kwenye *mtu mmoja*. Akaangalia kushoto na kulia kwa maneno yale. Haikuandikwa mtu mkubwa. Haikuandikwa mtu mwenye gari. Mwanamke aliyeruka maneno asingeliona hilo, lakini yeye aliona kila neno lililokuwepo, na safari hii akaona na yasiyokuwepo.

Hapo ndipo hofu ilipomshika kwelikweli, maana sasa hakuna aliyebaki wa kumkwamisha. Kitoto cha kwenye theluji kilirudi, na kifungo chake. Alijiuliza: uzi ule ni imara? Ni imara. Uliona mwenyewe? Nimeona mia tatu. Na ukikatika? Alikaa na swali hilo muda mrefu. Ukikatika, alijibu mwishowe, basi wataniuliza mimi, na nitakuwepo.

Akaandika: *Skolastika Lyakurwa, Mtepeto, chumba cha nyuma ya ofisi ya kata.* Mwandiko wa darasa la jioni, herufi kubwakubwa, kila moja imekaa peke yake.

Akachukua na kile cheti, akaandika chini ya picha ya Mheshimiwa: *Mwanasesere huyu alikatwa uzi kwa wembe ili jicho litoke. Wale mia tatu hawakukatwa. Wamebeba ndoo ya maji, mmoja mmoja, na nilikuwepo.*

Bwana Kipengele alichungulia mlangoni. Alikuwa amejificha kwenye kabati la mafaili. Alisoma jina lile, akatafuta herufi tatu mbele yake, hakuziona.

"Hii inaruhusiwa?" aliuliza.

"Hawakukataza, mzee."

"Hawakukataza kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiria," alisema Mkurugenzi, akagonga muhuri upesi, uso ameugeuzia ukutani ili asiwe shahidi.

*

Meli iliondoka na sanduku. Kuhusu chumba, Skolastika aliijibu ile barua ya kata kwa sentensi moja: *Naomba jina la mtu mmoja, siyo ofisi, anayetufukuza.* Barua ile ilipokelewa, ikapelekwa wilayani, ikapelekwa mkoani, na mpaka leo jibu halijarudi. Zulia ndilo lililoondoka.

Miezi minne ikapita. Siku moja Mwanamkasi akaingia na bahasha yenye stempu ya theluji, ameishika kwa ncha za vidole kama panya. Posta walikuwa wameshaifungua, kwa usalama wa taifa.

Mama mmoja wa ng'ambo alikuwa ameandika. Binti yake alilala na mwanasesere, akamdondoshea machozi, maana alikuwa na homa, na asubuhi mto wote ulikuwa mwekundu. Nywele zilikuwa zimetoa rangi. Mtoto alidhani mwanasesere anatoka damu, akapiga kelele mpaka majirani wakaja. Hakuumia. Lakini alilia sana.

Nchi ikatetemeka. Redio ilikatisha muziki. Mheshimiwa Mbwambaja aliita waandishi wa habari akatangaza kwamba serikali haikuhusika kwa namna yoyote, na kwamba mkono unaoonekana kwenye ile picha, ukitazamwa kwa makini, ni wa mtu mwingine.

Skolastika aliketi. "Tulinyonya mikono," alisema taratibu. "Tukanyonya miguu."

"Nywele hatukunyonya," alisema Mwanamkasi, na kwa mara ya kwanza hakuongeza neno. Halafu akaongeza. "Nywele ni zangu, Mama Skola. Niandike mimi."

"Jina lililoko kule ni langu. Na rangi niliinunua mimi."

Akaandika: *Mama, nimeisoma barua yako yote. Tulipima kitambaa, nywele nikasahau. Kosa ni langu. Nakutumia nywele nyingine, zimechemshwa mara tatu na nimezinyonya mwenyewe. Naomba mwambie mtoto kwamba mwanasesere hajaumia, na kwamba namwomba radhi.* Na siku hiyo hiyo akaliandikia duka, waambiwe wazazi wote wenye wanasesere wa nywele nyekundu, nywele mpya zinakuja.

Karani wa posta aliisoma barua kaunta, kama kazi yake ilivyomtaka. Alipofika katikati aliinua kichwa.

"Mama, hapa umeandika kosa ni lako."

"Ndiyo."

"Lako kwa niaba ya nani?"

"Langu tu, baba."

Karani aliwaita wenzake. Wakaja wanne, mmoja na sahani yake ya wali, wakaisoma sentensi ile kwa zamu, kimya kimya. Hakuna aliyekuwa amewahi kuiona imeandikwa. Kuisikia waliisikia, kila Jumapili, kanisani, kwenye sala ya toba, ambako Mheshimiwa Mbwambaja huitamka kwa sauti kubwa kuliko wote akiwa kiti cha mbele, akijipiga kifua. Lakini kule hakuna anayesaini.

Wiki sita baadaye yakaja majibu mawili. Yule mama alishukuru. Mtoto, alisema, amekataa katakata nywele mpya, anazitaka zile zile zilizopauka, na hizo mpya amemvalisha paka. Duka nalo liliomba wanasesere wengine mia mbili.

*

Alasiri ya siku iliyofuata Bwana Kipengele alionekana mlangoni mwa chumba, hana tai, amebeba kofia. Wizara ilikuwa imemtuma kuchunguza ilikuwaje mtu akakiri kosa na asipatwe na lolote.

"Karibu, mzee," alisema Skolastika. "Sogeza hizo sufi, ukae."

Alikaa. Aliwatazama wanavyotundika ndoo, wanavyohesabu mpaka kumi, wanavyonyonya nywele, maana sasa walinyonya na nywele. Aliona jinsi kila aliyepima alivyochukua kikaratasi, akaandika jina lake, akakifunga kwenye mkono wa mwanasesere bila kumwangalia mtu.

"Mkurugenzi anatamani," alisema Mwanamkasi. "Mpe mmoja."

"Mimi? Hapana, hapana." Lakini alikuwa ameshasimama. Akavua koti. Akafunga kamba, Skolastika akamwonyesha fundo, akainua ndoo kwa mikono miwili kama mtoto wa mtu, akaiachia polepole. Wanawake wote sita wakahesabu naye. Kumi. Jicho halikutikisika.

"Sasa andika," alisema Skolastika, akampa kikaratasi.

Aliigusisha kalamu kwenye karatasi, akaiondoa. "Nikishaandika," aliuliza bila kuinua uso, "kinatokea nini?"

"Hakuna kitu, mzee. Mtu akiuliza, unamjibu."

"Na asipouliza?"

"Unalala."

Bwana Kipengele akaandika. *Ladislaus Kipengele.* Hakuweka kitu mbele wala nyuma. Akaruka kidogo, kama aliyesikia mlango, akageuka kutazama dirishani kama kuna wanaokuja.

Hakukuwa na mtu. Alingoja kidogo, kwa uhakika. Kisha akakunja mikono ya shati, akaomba apewe mwingine.